Jinsi ya Kuingia Nürnberg Wakati wa Theluji na Ukabaki na Vidole Vyako Vyote

Ukisafiri kutoka Dar es Salaam au Mombasa kwenda Nürnberg mwezi Desemba, amua jambo moja kabla ya kufunga begi: unakwenda kupendeza au unakwenda kuishi? Siku ya kwanza haikupi vyote viwili. Lile koti jembamba la kubana kiuno, lililowafanya watu wageuke harusini, litakutetea kuanzia mlango wa stesheni mpaka taa za kwanza za barabarani, kisha litakuacha peke yako. Mji huu wa kusini mwa Ujerumani una watu zaidi ya nusu milioni, na joto lake la Desemba huzungukazunguka karibu na nyuzi sifuri. Theluji ikianguka, inamwangukia mwenyeji na mgeni sawasawa. Tofauti yao ni kwamba mwenyeji amevaa.

Habari njema ni kwamba silaha zako ziko nyumbani. Nenda Karume, Gikomba au Kongowea, waulize wauza mitumba kuhusu makoti mazito. Watakutazama mara mbili, kisha watafurahi, maana balo likifunguliwa makoti hayo ndiyo yanayobaki chini: nani atavaa manyoya ya bata Buguruni mwezi wa Januari? Ujerumani ni miongoni mwa nchi zinazouza nje nguo nyingi zilizokwisha kuvaliwa, kwa hiyo huenda koti utakalolipata kwa bei ya kutupwa linarudi kwao. Chagua refu, lifunike makalio. Vuta zipu juu na chini mara kadhaa mbele ya muuzaji, kwa sababu zipu iliyogoma kwenye nyuzi tatu chini ya sifuri haina fundi wa kuitengeneza hapo barabarani. Kofia ifunike masikio. Glovu ziwe mbili, na ikiwezekana uzifunge na uzi kama za watoto wa shule za chekechea wa huko, maana glovu moja ya kushoto haina faida kwa yeyote.

Ndani ya koti, acha kutegemea pamba. Fulana ya pamba hunywa jasho na kulishikilia, na jasho hilo likipoa linakugeukia. Ya sufu, au ya kile kitambaa cha wanamichezo kinachokauka upesi, ndiyo igusane na ngozi. Juu yake shati, juu ya shati sweta. Nguo tatu nyembamba zinaishinda moja nene kwa sababu kinachokupa joto hasa ni hewa iliyonaswa katikati yake, na pia kwa sababu utahitaji kuzivua. Majumba ya Wajerumani yana hita. Ukiingia dukani na koti limefungwa mpaka kidevuni, utaloa jasho baada ya dakika chache, kisha utatoka nje na jasho hilo, na baridi itakukuta mlangoni. Kila unapoingia, fungua koti. Kila unapotoka, lifunge kabla ya mlango kufunguka.

Miguu inataka heshima ya pekee. Kiatu kinachobana huzuia damu, na kidole kisichopata damu hufa ganzi kabla hujafika unakokwenda. Nunua buti zenye nafasi ya vidole kujongea na soli yenye mifereji ya kina. Soksi ziwe za sufu, tena zisizo na tundu hata moja. Sababu ya tundu nitaieleza tukifika nyumbani kwa watu.

Na ngozi? Hewa ya baridi ni kavu, hita huikausha zaidi, na midomo hupasuka siku hiyo hiyo. Lakini chupa ya mafuta ya nazi uliyofungiwa na bibi itakutia taabu, maana mafuta hayo huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Utayachokoa kwa mpini wa kijiko huku ukimkumbuka bibi kwa namna asiyostahili. Beba mafuta ya mgando.

Kutoka uwanjani

Wengi wanaotoka kwetu hushukia Frankfurt, kisha wakapanda treni ya mwendo kasi kwa saa mbili na ushee. Wengine huunganisha ndege mpaka uwanja wa Nürnberg wenyewe, uliopewa jina la mchoraji Albrecht Dürer, aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1471 na kufia humo 1528. Ukishuka hapo, treni ya chini ya ardhi, njia ya U2, itakufikisha stesheni kuu kwa takriban robo saa. Treni hiyo haina dereva. Kaa kiti cha mbele kabisa, uangalie handaki linavyokuja usoni pako. Watoto wa huko hugombania kiti hicho, nawe siku ya kwanza una haki zote za mtoto.

Ila kata tiketi. Hutaona geti, hutaona kondakta akigonga bati, hutasikia mtu akikusukuma uingie kwa sababu nafasi ipo, na ukimya huo utakushawishi kuwa usafiri ni bure. Wakaguzi wapo, wamevaa nguo za kawaida, wamekaa karibu yako wakisoma gazeti. Faini ni euro 60, na kusema wewe ni mgeni hakuipunguzi hata senti. Soma pia kama tiketi yako inatakiwa kugongwa muhuri kwenye mashine ndogo kabla ya kupanda. Isiyogongwa inahesabika kuwa haipo.

Ndani ya behewa watu wamenyamaza. Hakuna aliyekasirika. Wamechoka, wanafikiria zawadi ambazo hawajanunua, na wanaamini kwamba kumwacha jirani na mawazo yake ni adabu. Ukipokea simu ya nyumbani kwa sauti ya stendi, behewa zima litafahamu kwamba kuna mgogoro wa shamba, hata kama hakuna anayejua Kiswahili. Waambie utawapigia baadaye. Na simu yenyewe iweke mfuko wa ndani, karibu na kifua: betri hupoteza nguvu kwenye baridi, na simu iliyokuwa na asilimia 40 inaweza kuzimika ghafla ukiwa umeshika ramani.

Sasa toka nje ya stesheni, usimame. Hapa ndipo wageni wengi huumia, nami nalisema kwa uzito wote: mfupa wa kiuno au wa kifundo cha mkono uliovunjika siku ya kwanza utaila safari yako yote. Theluji mbichi, nyeupe, inayolia chini ya kiatu, ni rafiki. Adui ni ile iliyokanyagwa jana, ikayeyuka mchana, ikaganda usiku. Hung'aa kidogo tu, na wakati mwingine haionekani kabisa. Tembea kama mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani: hatua fupi, magoti yamelegea, macho mbele, hakuna kugeuka ghafla kuitikia jina. Mikono itoke mifukoni, ili ukiteleza iwe na kazi ya kufanya. Fuata sehemu iliyomwagiwa changarawe. Sheria inawabana wenye nyumba kusafisha njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya majengo yao, kwa hiyo asubuhi utawakuta wazee wenye makoleo wakikwangua kwa bidii. Waamkie. Katika jimbo hili la Bavaria husema Grüß Gott, na hapo salamu imekwisha. Habari za watoto, za kazi na za shamba hazifuati. Mzee anarudi kwenye koleo lake akiwa ameridhika kabisa nawe.

Taa ya waenda kwa miguu ikiwa nyekundu, simama. Simama hata kama barabara ni tupu upande huu na ule, hata kama upepo unakata masikio. Faini yake ni ndogo, euro tano, lakini kuna mama mwenye mtoto kando yako ambaye amekuwa akimfundisha huyo mtoto tangu ajue kutembea, na atakukumbusha kwa sauti. Angalia pia usitembee kwenye njia ya baiskeli. Mara nyingi iko juu ya njia ya miguu, imetengwa kwa mstari au kwa rangi, na theluji imeufunika mstari huo; waendesha baiskeli wanajua ulipo, na wanakuja kasi hata wakati wa theluji.

Kuelekea sokoni

Siku ya kwanza usijipangie makumbusho matatu, ngome na ziara ya basi. Pita mahali paitwapo Königstor, fuata Königstraße taratibu, na mwendo wa kilomita moja hivi utakufikisha kunako. Njiani kuna kanisa la Lorenzkirche. Ingia, uwe Mkristo au usiwe, kwa sababu mbili. Kwanza upepo haumo. Pili, juu hewani, imening'inia sanamu ya mbao ya Malaika Gabrieli akimletea Mariamu habari, iliyochongwa na Veit Stoß kati ya 1517 na 1518. Keti, utazame juu mpaka vidole vya miguu virudi. Kisha vuka daraja la mto Pegnitz, na uwanja wa Hauptmarkt utakuwa mbele yako, umejaa vibanda vya mbao vyenye mapaa ya kitambaa cha mistari myekundu na myeupe.

Hili ndilo Christkindlesmarkt, soko la Krismasi ambalo ushahidi wake wa zamani zaidi unaojulikana ni wa mwaka 1628. Hufunguliwa Ijumaa iliyo kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio na kuendelea mpaka tarehe 24 Desemba, kwa kawaida kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tatu usiku. Vibanda ni takriban 180, na wageni kwa msimu hupita milioni mbili, kwa hiyo ukitaka kupumua nenda asubuhi ya siku ya kazi. Jumamosi jioni utabebwa na umati kutoka kibanda hadi kibanda, na utanunua ulichosukumiwa.

Ukifika kabla ya saa sita mchana, simama mbele ya kanisa la Frauenkirche, uinue macho kwenye saa yake. Saa sita kamili milango inafunguka, na vinyago vya wateuzi saba vinamzunguka Kaisari Karl IV mara tatu. Mtambo huo ni wa mwaka 1509, na unakumbuka sheria aliyoitoa Kaisari huyo mwaka 1356 kuhusu nani wanaomchagua mfalme. Watu watapiga picha na kucheka. Nawe piga picha. Kisha ujue na hili, maana mgeni mwenye heshima hujua anasimama wapi: uwanja huu ulikuwa mtaa wa Wayahudi. Mwaka 1349, kwa ruhusa ya Kaisari huyo huyo, mtaa ulibomolewa, zaidi ya watu 500 wakauawa, na kanisa hilo likajengwa mahali palipokuwa na sinagogi. Karibu miaka mia sita baadaye Wanazi walifanya mikutano yao mikubwa katika mji huu, na wao ndio waliolirudisha soko la Krismasi kwenye uwanja huu mwaka 1933 kwa sababu zao za propaganda. Tarehe 2 Januari 1945 mabomu yalibomoa sehemu kubwa ya mji mkongwe; kuta nyingi unazoziona zimejengwa upya. Mwezi Novemba mwaka huo viongozi wa Wanazi waliosalia walianza kuhukumiwa papa hapa Nürnberg, katika chumba namba 600 cha jumba la mahakama, ambacho unaweza kukitembelea siku nyingine. Wajerumani wenyewe hawayafichi haya. Ukiuliza kwa adabu, watakujibu.

Sasa njaa. Soseji za hapa ni fupi, kati ya sentimita 7 na 9, huchomwa juu ya moto wa kuni, na tangu 2003 jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya. Agiza tatu ndani ya mkate, hivyo ndivyo zinavyouzwa. Ni za nguruwe, tena bila fumbo lolote, kwa hiyo msafiri Mwislamu asidanganywe na udogo wake. Atafute samaki, viazi, au maduka ya Waturuki yaliyojaa mjini yenye maandishi ya halali. Mvinyo wa moto, Glühwein, ni pombe hata kama umejaa vipande vya chungwa na harufu ya dawa ya kikohozi. Kuna kinywaji cha moto cha watoto kisicho na kilevi, Kinderpunsch, na mtu mzima anayekiomba haangaliwi vibaya. Kikombe utakilipia dhamana pamoja na kinywaji; kirudishe urudishiwe hela yako, au kibebe kiwe kumbukumbu. Aliyewahi kuacha hela ya chupa ya soda dukani hahitaji maelezo zaidi. Lipa kwa noti ndogo na sarafu. Bado kuna vibanda ambavyo kadi ya benki haivihusu.

Kisha nenda kwenye keki za Lebkuchen, na hapa nakuomba usipite haraka. Zile bora, ziitwazo Elisenlebkuchen, lazima ziwe na lozi, karanga za hazel au jozi zisizopungua robo ya uzito wake, na unga usiozidi asilimia 10. Mji ulikuwa njia panda ya biashara iliyoungana na Venice, na msitu wake ulikuwa na wafuga nyuki waliopewa haki za kifalme. Asali ilitoka upande mmoja na viungo upande wa pili, vikakutana katika tanuri. Ukiuma tu, pua ya mtu wa pwani itavitaja yenyewe: karafuu, mdalasini, iliki. Karafuu za zama hizo hazikuwa za Unguja wala Pemba, kwa maana zetu zilipandwa mwanzoni mwa karne ya 19. Zilitoka visiwa vya Maluku kwa mikono ya wafanyabiashara wengi. Lakini harufu ni ile ya nyumbani siku ya sikukuu, na katikati ya theluji inamgusa mtu kuliko alivyojiandaa. Ikikugusa, simama uguswe.

Huenda ukamwona Christkind mwenyewe, msichana mwenye taji na joho jeupe na la dhahabu, akipita kati ya watoto. Tangu 1969 huchaguliwa kati ya wasichana wa mji huu wenye umri wa miaka 16 hadi 19, kwa muda wa miaka miwili, na sharti mojawapo ni asiogope kimo, maana hulifungua soko akiwa juu ya roshani ya kanisa. Mwaka 2019 alichaguliwa Benigna Munsi, ambaye baba yake ana asili ya India. Tawi moja la AfD, chama cha siasa cha mrengo wa kulia, likaandika mtandaoni maneno ya kumdhihaki kwa sura yake. Wajerumani wengi, viongozi wakiwemo, wakasimama upande wake, maneno yakafutwa, na binti akapanda roshani akafanya kazi yake. Nakueleza haya kwa kuwa ngozi yako itaonekana huko kabla ya sauti yako. Utakutana na wachache wa aina ya kwanza. Utakutana na wengi zaidi wa aina ya pili, nao ndio wa kuwatafuta.

Giza la saa kumi

Hakuna anayekuonya vya kutosha kuhusu jua. Linachomoza karibu saa mbili asubuhi, na saa kumi na robo alasiri limekwisha kuzama. Aliyezoea siku ya saa kumi na mbili tangu azaliwe hudhani ameugua. Anayeswali ataona adhuhuri, alasiri na magharibi zikifuatana ndani ya saa nne hivi, kwa hiyo apange matembezi yake kwa ratiba ya swala ya mji ule, si kwa mazoea. Na asiyeswali apange kuwa nje mchana, hata kwa nusu saa, kila siku. Tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi Septemba 2024, vijana wengi wanaota kwenda kufanya kazi huko, na baridi wanaiogopa sana. Mimi naiogopa zaidi ile jioni ndefu ndani ya chumba kimoja, pazia limefungwa, simu mkononi, ukitazama picha za wenzako wakiwa ufukweni. Toka. Sokoni watu wamesimama bega kwa bega kuzunguka meza ndefu zisizo na viti, na huo ndio wakati wa mwaka ambapo Mjerumani asiyekujua anaweza kukuuliza umetoka wapi na akasubiri jibu.

Akikualika nyumbani, nenda. Akisema saa tisa, fika saa tisa. Ukifika saa tisa na nusu kahawa imepoa na wenyeji wana wasiwasi kwamba umepata ajali. Mlangoni utaona viatu vimepangwa safu, na utatakiwa kuvua vyako. Hapo ndipo tundu la soksi linapotoa ushahidi mbele ya ukoo mzima. Beba kitu kidogo, maua au kahawa ya kwenu. Usipeleke mikono mitupu, usipeleke mbuzi.

Jambo la mwisho ni la tumbo, nawe lichukue kwa dhati. Jumapili maduka hufungwa. Tarehe 24 Desemba maduka na soko hufunga saa nane mchana, tarehe 25 na 26 ni sikukuu zote mbili, na mji unanyamaza kwa kiasi ambacho Kariakoo haijawahi kukijua. Nunua mkate, mayai, maziwa, mchele na dawa zako tarehe 23.